Deraya ya ndala



Kimya changu cha majuma matatu kina sababu, na sababu yenyewe ni ndala. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama naumwa, au kama nami nimekimbilia zile kazi za uafisa habari ambako waandishi wengi huishia. Sijaumwa na sijakimbia. Nilikuwa natengeneza deraya.

Deraya, kwa wale walioachana na Kiswahili tangu kidato cha nne, ni vazi la vitani la kukinga mwili. Lile la kichwani huitwa chapeo, neno ambalo wengi wetu tumelisikia zaidi kwenye mahubiri kuliko mtaani. Basi mimi, mtu mzima, mwajiriwa wa gazeti, mwenye digrii ya Mlimani ambayo mkopo wake bado nakatwa kila mwezi, nimemaliza jioni kumi na tisa uani kwa dada yangu nikikata ndala, nikipasha sponji kwenye mkaa na kupaka gundi ya fundi viatu. Anayetaka kucheka na acheke kwanza. Nitamsubiri.

Umemaliza? Haya, tuendelee.

Mpwa wangu yuko darasa la tano. Shule yao iliamua kufunga muhula kwa igizo, na mwalimu wao, Mungu amzidishie, badala ya kuchukua michezo ya siku zote ya mlevi na mkewe, akachagua kisa cha Fumo Liyongo. Mpwa akapewa kuwa Liyongo mwenyewe. Alirudi nyumbani na agizo moja tu: kuhusu mavazi, kila mzazi ajitegemee.

Wanaomjua Liyongo watanisamehe nikiwakumbusha wenzao. Ni shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, huko Pate na maeneo ya mto Tana, katika Kenya ya leo. Wataalamu bado wanabishana aliishi karne ipi, lakini Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913, na kisa chake kinasimuliwa mpaka leo. Mfalme wa Pate alimwogopa akamtia gerezani, naye akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Hakuna silaha iliyomwingia. Kitu kimoja tu kingeweza kumuua, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo alimpa mwanawe wa kumzaa, na mwana, aliyekwisha kuahidiwa binti wa mfalme, akaja akamchoma usingizini.

Sasa wewe mwenye akili zako utauliza, mtu asiyeingiwa na silaha deraya ya nini? Nami nilimwuliza mpwa vivyo hivyo. Akanitazama kama waziri anavyomtazama mwandishi aliyeuliza swali la nyongeza.

"Mjomba, watu waliokaa nyuma watajuaje kwamba haingii kitu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Lakini kitovu ukiache wazi. La sivyo hatakufa."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Vijana wa ng'ambo wanaotengeneza deraya za kwenye sinema na michezo ya kompyuta wamezoea kutumia sponji ngumu iitwayo EVA, kwa kirefu ethilini vinili aseteti. Wanainunua kwa shiti, wanaipasha kwa mashine ya kupuliza joto, wanaipaka rangi, na ukiitazama kwenye picha utaapa ni chuma. Nilipofuatilia ni kitu gani hicho nikacheka peke yangu ndani ya daladala. EVA ndiyo inayotengenezewa soli za ndala nyingi, na ndiyo ile ya mikeka ya watoto ya rangirangi inayounganishwa kama fumbo. Yaani kitu wanachokiagiza wenzetu kwenye maduka maalumu, sisi tunakikanyaga tukienda bafuni. Pale Nairobi kuna karakana ya Ocean Sole ambayo huokota ndala zilizotupwa na bahari fukweni na kuzichonga twiga na tembo. Kwa hiyo hata wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki.

Jumamosi moja nikashuka Kariakoo. Nilinunua pakiti mbili za mikeka hiyo, kopo dogo la gundi ya viatu, gundi nyeupe ya seremala, rangi nyeusi, rangi ya fedha na visu viwili vya kukatia karatasi. Ndala zilizokatika niliomba kwa majirani, nikapata mfuko mzima; nimejifunza kwamba watu hawatupi ndala iliyokatika, wanaihifadhi uvunguni wakisubiri siku isiyofika. Boksi la jokofu nilipewa bure na mwenye duka, kwa sharti nimwondolee yote matatu. Jumla nilitumia Sh 31,000, nauli ikiwemo. Magazeti sikununua. Magazeti ndiyo kitu pekee nilicho nacho kwa wingi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu.

Na magazeti ndiyo mwanzo wa kila kitu, maana ndiyo kipimo. Unamvisha mtoto fulana kuukuu, unamzungushia karatasi za gazeti kifuani na mgongoni, unazibana kwa gundi ya utepe mpaka awe kama maandazi yaliyofungwa. Kisha unachukua kalamu ya wino mzito na kuchora juu yake mistari: shingo inaishia hapa, kwapa hapa, ubavu hapa. Ukimaliza unakata ubavuni taratibu, unamtoa mtoto kama unavyomenya ndizi, na mkononi unabaki na kifua chake kilichotandazwa. Hicho unakilaza juu ya boksi, unakata cha majaribio, unamvisha, unaangalia kama anaweza kukaa na kuinua mikono. Ukiridhika ndipo unaigusa sponji. Boksi ni la bure, sponji ni ya fedha.

Siku ya kipimo mpwa alisimama amenyoosha mikono, kifuani ana ukurasa wa tatu wenye habari yangu ya mgogoro wa maji, na jina langu liko sawasawa na moyo wake. Akalisoma kwa sauti. Ni mara ya kwanza mtu wa familia yangu kusoma jina langu gazetini bila kuombwa.

Kukata kunataka kisu kikali, na makali yenyewe hayadumu. Sponji inakula wembe kuliko nyama. Kuhusu joto, sisi hatuna mashine ya kupuliza. Tuna jiko la mkaa. Unasubiri mkaa ukolee, moshi uishe, unaishika sponji juu yake kwa umbali wa shibiri moja, unaigeuza mara kwa mara. Baada ya muda mfupi inalegea kama chapati iliyotoka kwenye chuma. Hapo unaikandamiza juu ya sufuria iliyofudikizwa na kuishikilia mpaka ipoe. Ikishapoa imeshika umbo la sufuria, na ndipo bega linapopatikana. Joto hilo pia linaziba vitundu vidogo vya juu, kwa hiyo rangi hainyonywi sana. Kazi hii ifanyike uani penye hewa, wala isiachwe sponji iungue, maana moshi wake si wa kuvuta.

Uzuri mwingine wa joto nilioufurahia ni huu. Ukichora sponji kwa ncha ya kisu bila kuitoboa, kisha ukaipitisha kwenye joto, ule mchoro unafunguka wenyewe, unakuwa mfereji. Kwa hiyo unaweza kunakshi. Vijana wa ng'ambo hunakshi mazimwi. Sisi tulichukua picha za milango ya Lamu na Unguja tukanakshi maua na minyororo ya milango ile kifuani. Kwa misumari tulitumia vifuniko vya soda vilivyogongwa kwa nyundo. Mnaijua ile misumari ya shaba iliyochomoza kwenye milango ya Unguja? Inasimuliwa kwamba asili yake ni India, ambako ilikusudiwa kuwazuia tembo wasisukume malango. Unguja hakukuwa na tembo wa kusukuma mlango wa mtu. Misumari ilibaki kuwa pambo. Nilimweleza mpwa, akasema, "Kwa hiyo hata mlango ulivaa deraya."

Gundi ya viatu ina adabu yake. Unapaka pande zote mbili, unaziacha kama dakika kumi mpaka ukigusa kidole hakinati, ndipo unazikutanisha. Zikishakutana hazina talaka. Lakini gundi hii ni ile ile inayovutwa na watoto tunaowaona stendi wamelala mchana, kwa hiyo kwenye gundi mpwa alikuwa mtazamaji wa mbali, kopo linakaa kwangu, na nilimweleza sababu bila kuzunguka. Baada ya gundi unapaka ile nyeupe ya seremala mikono mitatu, kila mmoja ukauke. Halafu nyeusi kote. Mwisho unachovya brashi kwenye rangi ya fedha, unaifuta kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kukauka, unaipitisha juu juu kwenye kingo na vifundo tu. Hapo ndipo ndala inapogeuka chuma mbele ya macho yako. Majirani walikuja kugusa.

Mikanda ilitokana na tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande, maana inavutika na mtoto anapumua. Chapeo niliitengeneza kwa puto, magazeti na uji wa unga wa ngano: matabaka manane, kila mawili yanakauka kabla ya kuongeza. Dada yangu, aliyeanza kwa kuuliza kama digrii yangu ilikuwa ya kukata ndala, siku ya tano alichukua kamba nyembamba ya katani na sindano yake ya kufumia vitambaa vya makochi, akafuma shela ya kufunika shingo na mabega. Tukaipaka rangi ya fedha. Ukisimama hatua tano ni mnyororo mtupu.

Wala dada hakubuni. Katika sinema ya kuchekesha ya Waingereza ya mwaka 1975, Monty Python and the Holy Grail, nguo za minyororo za wale mashujaa zilikuwa sufu iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha. Na kwenye zile sinema tatu za The Lord of the Rings, zilizotoka kati ya 2001 na 2003, mafundi wa Weta Workshop kule Wellington, New Zealand, walikata mabomba ya plastiki, yale ya maji, vipete kwa vipete, wakaviunganisha kimoja kimoja kwa mikono mpaka wakapata nguo za minyororo za jeshi zima. Sinema zile tulizitazama kwenye mabanda ya video tukiamini tunaona chuma. Tulikuwa tunaona bomba.

Hapa nataka tuache utani kidogo.

Kuna watu watasema hizi ni bandia, na kwamba deraya ya kweli ni ya chuma. Nami nilidhani nitakutana na chuma kila nitakapofukua historia. Nilikutana na mambo mengine. Wagiriki wa kale walivaa deraya za kitani, nguo kabisa. Profesa Gregory Aldrete wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Green Bay, Marekani, na wanafunzi wake walitengeneza mfano wake kwa matabaka ya kitani yaliyogandishwa kwa gundi, wakayapiga mishale, wakakuta yanamkinga mtu vizuri. Wapo wanaobishana nao kwamba Wagiriki hawakutumia gundi bali walishona, lakini nguo ni nguo. China, katika karne ya 9, enzi ya nasaba ya Tang, askari walivishwa deraya za karatasi iliyokunjwa kunjwa. Karatasi, ndugu zangu!

Kilichonifurahisha zaidi ni Kiribati, visiwa vidogo katikati ya bahari ya Pasifiki. Kule hakuna chuma, kuna minazi na bahari. Basi mashujaa wao walivaa deraya zilizosokotwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mwili mzima mpaka miguuni, na kichwani wakavaa chapeo ya ngozi ya samaki wa jamii ya bunju, yule mwenye miiba anayejivimbisha. Silaha zao zilipangwa meno ya papa, na makumbi yalitosha kuyazuia meno ya papa. Mtu wa Mafia au Pemba angeitambua kila malighafi iliyotumika. Tofauti ni kwamba sisi makumbi tunafumia mikeka ya kupangusia miguu.

Na ya leo je? Fulana ya kuzuia risasi imejaa nyuzi. Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont, aligundua mwaka 1965 nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, na fulana nyingi ni matabaka ya kitambaa cha nyuzi za namna hiyo. Zile ngao za kioo wanazobeba askari wa kutuliza ghasia si kioo, ni plastiki iitwayo polikaboneti. Kwa hiyo tangu makumbi mpaka leo mafundi wamekuwa wakichukua kilicho karibu na kukipanga matabaka. Kitu kimoja tu kinatofautisha deraya na vazi la igizo: je, inazuia?

Swali hilo si langu. Ni la mpwa, na aliliuliza siku ya kumi na mbili, baba yake akiwepo.

Niwaeleze. Shemeji yangu ni askari. Siku nyingine kazi yake ni kusimama kwenye mstari akiwa na kofia ngumu, ngao na vikinga magoti. Mimi siku hizo hizo kazi yangu ni kusimama mahali penye kuona, nina daftari, simu na kitambulisho cha plastiki shingoni. Tumewahi kuonana hivyo mara mbili, kila mmoja kazini kwake, na jioni tukala wali pamoja tukizungumzia mpira. Katika nyumba ile kuna mazungumzo yenye mlango uliofungwa, na dada ndiye mwenye ufunguo. Hataki ufunguliwe mezani.

Jioni ile shemeji alirudi mapema, akakaa kwenye kigoda, akatutazama tukihangaika kupanga vipande vya bega. Nikamwuliza, "Shemeji, za kwenu zinafungwa wapi hata mtu aweze kuinua mkono?" Akaguna kidogo, akavua saa, akachukua kisu. Akaonyesha kwamba bega halifungwi kwenye kifua, linaning'inizwa kwa mkanda mmoja tu kutoka shingoni, halafu vipande vinapandana kama magamba ya samaki, cha juu kikilala juu ya cha chini. Mkono ukipanda vinakunjana, ukishuka vinatandazika. Akayakata magamba matatu kwa ustadi ambao sikuujua, akayapasha mwenyewe kwenye mkaa, akayakunja kwenye goti lake. Tulifanya kazi bila maneno kama robo saa hivi.

Ndipo mpwa, aliyekuwa amevaa kifua bila mikono, akajipiga ngumi kifuani na kuuliza, "Baba, hii inazuia kweli?"

"Haizuii," alisema baba yake. "Ni ya mchezo."

"Ya kwako inazuia?"

"Mawe inazuia."

"Na ya mjomba?"

Hakuna aliyejibu. Mpwa akadhani hatukusikia. "Mjomba akienda kazini anavaa nini?"

Nikamwambia navaa kitambulisho. Akakiomba, akakikunja kwa vidole kupima ugumu wake, akanirudishia bila kusema kitu.

Tarehe 2 Septemba 2012 nilikuwa darasa la saba. Siku hiyo Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa kijijini Nyololo, mkoani Iringa, akiwa kazini, wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha siasa. Mwaka 2016 askari mmoja alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Picha za tukio lile zilichapishwa magazetini, na ndizo zilizonifanya nijue kwamba kuna kazi inaitwa uandishi wa habari na kwamba ina watu ndani yake. Kila mwandishi wa rika langu anazo kichwani. Nina hakika na askari wa rika la shemeji anazo, kwa namna yake. Hatukuwahi kuzitaja.

Hata jioni ile hatukuzitaja. Shemeji alilaza gamba la nne kwenye goti, akalishikilia lipoe, akasema bila kuniangalia, "Siku za vurugu usikae katikati. Kaa nyuma yetu."

Nikamjibu, "Nikikaa nyuma yenu, shemeji, nitaandika mnachokiona ninyi tu."

"Utaandika, lakini utakuwa mzima."

"Na wale wa upande wa pili wataandikwa na nani?"

Hakukasirika. Alifikiri kwa muda, kama mtu anayetafuta bega litafungwa wapi. Dada alisimama mlangoni na sahani mikononi, hakuingia wala hakurudi. Kisha shemeji akasema, "Hizo gundi zenu zinaniumiza kichwa," akaenda kuoga. Lakini yale magamba manne alikuwa ameyamaliza, na ndiyo mazuri kuliko yote kwenye deraya ile. Nimeyapiga picha. Ukiyaona utajua ni mkono wa mtu mwingine.

Igizo lilifanyika Ijumaa iliyopita kwenye ukumbi wa shule, ambao siku nyingine ni madarasa mawili yaliyotolewa ukuta wa mbao. Mpwa alipotoka nyuma ya khanga iliyotumika kama pazia, watoto wa darasa la kwanza waliokaa mbele chini walirudi nyuma kwa makalio kama wimbi linaloondoka. Ndala ilikuwa inang'aa. Kitovu kilikuwa wazi, ameagiza kizungushiwe rangi nyekundu ili hata waliokaa nyuma wakione.

Sehemu niliyoisubiri ni ya mwisho. Katika utendi, Liyongo akishachomwa hafi palepale machoni pa watu. Anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, na katika hali hiyo roho inamtoka. Watu wa mji wanamwona amepiga goti ameelekeza mshale, wanaogopa, hawachoti maji siku kadhaa. Amekufa, nao wanamkimbia. Nilikuwa nakijua kisa hiki tangu sekondari, lakini sikuwahi kukiona. Mpwa alipiga goti, chapeo ya magazeti imeinama, uta wa bomba la plastiki umevutwa, akaganda. Hakupepesa macho. Ukumbi ulinyamaza kabisa, na nikaelewa alichoniambia siku ya kwanza kuhusu watu waliokaa nyuma. Deraya ile haizuii hata kokoto. Lakini kwa dakika nzima hakuna aliyesogea.

Shemeji alichelewa, alisimama mlangoni na nguo za kiraia. Makofi yalipolia alipiga kwa nguvu kuliko wote, na alipoulizwa na mzazi mwenzake nani katengeneza, alisema, "Sisi."

Jumatatu nilipangiwa kufuatilia mkutano wa hadhara, ile mikutano ambayo mhariri anakupangia halafu anakuuliza kama una chaji ya kutosha kwenye simu. Jumapili usiku ujumbe ukaingia kutoka kwa shemeji. Hakuna salamu, hakuna utani wa mpira. Ulisema: "Kesho kaa pembeni kwenye ukuta, penye uchochoro wa kutokea. Hapo unaona pande zote mbili."

Nilikaa hapo. Mkutano uliisha salama, watu wakaenda makwao, habari ikatoka ukurasa wa tano. Uchochoro sikuuhitaji, lakini nilikuwa naujua ulipo. Shemeji naye, kwenye mstari, alikuwa na kofia yake. Tulipokutana macho aligusa bega lake la kushoto, pale magamba yanapofungwa. Nikamwelewa.

Deraya sasa inaning'inia ukutani sebuleni kwa dada, juu ya televisheni, na wageni wakiuliza wanaambiwa waiguse wenyewe. Mpwa amekwisha kuniletea agizo jipya: anataka mabawa. Yasiwe ya ndege, anasema, yawe ya popo wa kwenye mwembe wetu. Kwa hiyo yeyote mwenye mwavuli uliovunjika asiutupe, anitafute. Na ndala zilizokatika bado nazipokea, hata za mguu mmoja.